Kuhesabu Majina: Burwash, Kipling na Jiwe Letu Lisilo na Orodha

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaigusa sana, pengine kwa sababu haisomwi ukiwa umekaa. Inasomwa kwa miguu. Uingereza imeenea vijijini. Mtu anafungua simu, anapata maelekezo, anashuka kwenye kijiji ambacho hana ndugu wala rafiki, anasimama mbele ya mnara wa waliokufa vitani, anasoma majina, anahesabu, anajumlisha na kutoa, na jibu linampa namba za mahali. Anafuata njia ya mashambani, anavuka kijito, mpaka chini ya mzizi wa mti fulani anakuta kijaluba kimefichwa. Ndani mna karatasi iliyokunjwa. Anaandika jina lake na tarehe, anakirudisha kama alivyokikuta, anakwenda zake.

Wenyewe wanauita mchezo huu jiokeshingi. Ni mchezo kweli, wala sina nia ya kuupa cheo usichokitaka. Lakini matembezi yanayoanzia kwenye mnara wa vita ni usomaji vilevile. Kuna matini, yaani yale yaliyochongwa kwenye jiwe. Kuna mtunzi, yule aliyepanga maswali. Na kuna msomaji anayetoka jasho. Sasa kama ni usomaji, unastahili kuhojiwa kama tunavyohoji riwaya au utenzi. Unasema nini? Unanyamazia nini? Na ukishamaliza, unatoka ukiwa mtu wa namna gani?

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Matembezi haya yana sifa moja ambayo vitabu vingi vya historia havina: yanamlazimisha mgeni asome mpaka jina la mwisho kwenye orodha. Na yana udhaifu mmoja mkubwa: yanaitegemea orodha hiyo kiasi kwamba pasipo na orodha hayana la kusema. Sisi tunaosoma Kiswahili, wengi wetu, tunatoka mahali ambapo orodha hiyo haikuandikwa.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana umri wake ni mdogo. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ghafla kifaa cha mkononi kikaweza kukuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache tu. Siku moja baadaye, Mei 3, Dave Ulmer akafukia ndoo kwenye msitu wa Oregon, karibu na Beavercreek, akatangaza mtandaoni namba za pale alipoifukia. Ndani aliweka vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine. Hazikupita siku nyingi watu wakaipata. Leo vijaluba vya namna hiyo ni mamilioni, dunia nzima.

Kule Uingereza mchezo ulikuta kitu kinausubiri. Karibu kila kijiji kina mnara wa vita, na sababu yake ni nzito. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ilikataza maiti kurudishwa nyumbani. Aliyekufa Ufaransa alizikwa Ufaransa, aliyekufa Mesopotamia akabaki huko huko. Tajiri na maskini wakawa sawa katika jambo moja: hakuna kaburi la karibu la kupelekea maua. Ndiyo maana vita vilipoisha vijiji vilichangishana fedha na kusimamisha mawe yao. Jiwe la kijijini likawa kaburi la wasio na kaburi. Majina hayakuchongwa kwa ajili ya mtalii. Yalichongwa kwa ajili ya mama atakayepita pale asubuhi akienda dukani.

Mtunzi wa matembezi anapolikuta jiwe kama hilo, kazi yake ni rahisi mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Anaweza kuandika hivi: hesabu majina yote, idadi yake ni A, chukua tarakimu ya mwisho ya mwaka ulioandikwa juu, hiyo ni B, jumlisha. Mtembeaji anahesabu kwa kidole, anapata, anaondoka. Amesimama mbele ya vifo vya vijana kadhaa kwa dakika tatu na kilichobaki kichwani mwake ni 27. Hata akiulizwa kesho kijiji chenyewe kilikuwa kipi, atababaika.

Lakini mtunzi mwingine anaweza kuuliza vingine. Tafuta jina la ukoo linalojirudia. Limetokea mara ngapi? Hapo mtembeaji anaanza kujiuliza mwenyewe bila kuulizwa: hawa ni ndugu? Ni baba mdogo na mtoto wa kaka yake? Mama yao alipokea barua ngapi? Au anauliza: mwaka wa mwisho ulioandikwa hapa ni upi? Kuna minara mingi inayosema 1919 wakati sote shuleni tulikariri kwamba vita viliisha 1918. Mtembeaji anakuna kichwa, kisha anagundua kwamba mkataba wa amani ulitiwa saini Versailles Juni 1919, na kwamba kuna waliokufa kwa majeraha bunduki zikiwa zimekwisha kunyamaza. Swali ni lile lile la kutafuta tarakimu. Tofauti ni kwamba la kwanza lilijibiwa kwa kidole, na hili limemfanya mtu afikiri.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni hiki: swali zuri ni lile ambalo huwezi kulijibu bila kuelewa kidogo kile ulichokisoma. Walimu wa fasihi wanalijua jambo hili. Ukimwuliza mwanafunzi utenzi una beti ngapi, atakupa jibu bila kuusoma.

Sasa twende kwenye kijiji kimoja. Nimekichagua Burwash, jimbo la East Sussex, kusini mwa Uingereza, kwa sababu pale jiwe la kijijini lina uzi unaofika moja kwa moja mpaka katikati ya Dar es Salaam.

Burwash ni barabara moja kuu juu ya mgongo wa kilima, nyumba za zamani kwa zamani, njia ya waenda kwa miguu iliyotandikwa matofali. Kuna kanisa la Mtakatifu Bartholomew, na ndani yake bamba la chuma la kaburi lililosuburiwa mamia ya miaka iliyopita, maana eneo zima hilo lilikuwa la wafua chuma kabla makaa ya mawe hayajahamishia viwanda kaskazini. Ukishuka bondeni, mwendo usiofika hata nusu saa, unafika Bateman's, nyumba ya mawe yenye mwaka 1634 mlangoni, na mto mdogo uitwao Dudwell unaopita hapo chini. Nyumba hiyo Rudyard Kipling aliinunua mwaka 1902 na kuishi humo mpaka alipofariki 1936. Kinu cha zamani cha kusaga nafaka alikifunga mtambo mdogo, maji ya mto yakampa taa za umeme. Kilima kilicho jirani akakitungia kitabu cha hadithi za watoto mwaka 1906. Mtunzi wa matembezi anapewa nini zaidi ya hapo? Chuma, maji, kanisa, mwandishi. Kila kituo kina lake.

Na kuna mnara. Mnara wa vita wa Burwash una taa juu yake, na desturi ya kijiji ni kuiwasha kila inapofika siku aliyokufa mmoja wa wale walioandikwa pale. Fikiria hilo kidogo. Mwaka mzima kuna usiku fulani fulani ambapo taa inawaka kwa ajili ya mtu mmoja, kwa jina lake, kwa tarehe yake. Siku ya mashujaa inawakusanya wote katika kapu moja. Taa hii inawatoa mmoja mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tafsiri bora ya orodha ya majina niliyowahi kuisikia, na haikuhitaji hata neno.

Mmoja wa walioandikwa ni John Kipling. Jina lake utalikuta kwenye mnara, na utalikuta tena ndani ya kanisa kwenye bamba lake peke yake. Mtunzi hodari angeuliza hapo: ni jina gani liko nje na ndani? Na mtembeaji angelazimika kusoma yote, nje na ndani, mpaka alipate.

Habari ya kijana huyu ni ya kuumiza. Alikuwa na macho mabovu, jeshi likamkataa. Baba yake, mwandishi aliyekuwa akivishabikia vita kwa kalamu, akatumia urafiki wake na Lord Roberts mpaka kijana akapata nafasi ya afisa katika Irish Guards. Septemba 27, 1915, wiki sita tu baada ya kutimiza miaka 18, John akapotea kwenye mapigano ya Loos huko Ufaransa. Hakuonekana tena. Wazazi walihangaika miaka, wakiwahoji askari mmoja baada ya mwingine, labda kuna aliyemwona. Hakuna aliyeleta la uhakika. Baba alikufa bila kujua mwanawe amezikwa wapi. Mwaka 1992 ndipo tume ya makaburi ya vita ikasema kaburi moja la afisa asiyejulikana ni lake, na mpaka leo wapo wanaobishia utambuzi huo.

Kipling aliandika nini kuhusu hayo? Aliandika historia ya kikosi cha mwanawe, juzuu mbili, 1923, na mwanawe mwenyewe akamtaja kwa ufupi kama anavyotajwa afisa mwingine yeyote. Aliandika hadithi fupi ya mwanamke anayekwenda kutafuta kaburi, The Gardener. Na kuanzia 1917 alikuwa mshauri wa lugha wa tume ya makaburi ya vita ya himaya. Yaani maneno yaliyochongwa kwenye mawe makubwa ya makaburi yale, na maneno ya kaburi la askari asiyejulikana, ni yeye aliyeyachagua. La mawe makubwa alilitoa katika kitabu cha Yoshua bin Sira: kwamba majina ya watu wale yataishi milele. La asiyejulikana linasema Mungu anamjua. Aliyachagua maneno hayo mtu ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa hajulikani alipo. Huwezi kusema hakujua uzito wa jina.

Sasa shika uzi huo tuuvute mpaka kwetu.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Sanamu ya Askari Dar es Salaam, pale Samora inapokutana na Azikiwe, mahali ambapo Wajerumani waliwahi kuweka sanamu ya Hermann von Wissmann. Nairobi nao wakapata ya kwao mwaka 1928, kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, mmojawapo mpagazi. Zote ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Na maneno ya chini, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, aliyatunga nani? Yule yule. Mzee wa Burwash.

Maandishi hayo tuyasome kama tunavyosoma shairi, maana yametungwa na mshairi. Sentensi za mwanzo zinasema jiwe hili ni kwa ajili ya nani: askari wenyeji waliopigana, wapagazi ambao anawafananisha na miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki. Kisha inakuja sentensi ya mwisho, na hapo sarufi inageuka. Mpaka hapo alikuwa akisema "wao". Ghafla anasema "wewe". Anakuahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nani huyo "wewe"? Marehemu hawezi kuwa, kwa sababu marehemu hapiganii tena kitu. Ni wewe unayepita njia, uliye hai, mwenye nguvu za kubeba. Jiwe lililoanza kama kumbukumbu limeishia kama tangazo la kuandikisha askari. Hilo la kwanza.

La pili, nani kapewa kazi ya kukumbuka? Wanao. Kule Burwash kazi hiyo wamepewa jiwe, taa, kijiji, kanisa na tume ya serikali yenye daftari. Huku wamepewa watoto. Serikali iliyomchukua baba yao haikujibebesha hata karatasi. Na watoto gani? Wapagazi wengi walichukuliwa wakiwa vijana hawajaoa. Wengine waliacha watoto wa kunyonya ambao hawakupata hata habari ya mahali na siku.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Sentensi inaahidi jina, na jiwe halina jina hata moja. Neno lenyewe lipo pale limechongwa, kama mfuko uliosahauliwa kutiwa kitu. Nenda Samora na maelekezo yako ya simu. Hesabu majina yote, idadi yake ni A. A ni sifuri. Tafuta jina la ukoo linalojirudia. Hakuna. Mchezo umekwisha kabla haujaanza.

Tusimwonee Kipling. Si yeye aliyeamua kwamba majina yasichongwe. Yeye aliombwa maneno akatoa maneno. Lakini mhakiki ana haki ya kuweka mawe mawili ya mtu mmoja ubavu kwa ubavu. Kwenye la kijijini kwake jina la mwanawe lipo na taa juu. Kwenye la kwetu aliandika ahadi ya jina, nayo ikabaki hewani. Kalamu ni ile ile, na aliyeishika alikuwa baba aliyefiwa.

Na tusidhani pengo hilo ni dogo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika ya Mashariki wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa njaa, kuhara, malaria na kuchoka. Tume ile ile iliyoshauriwa na Kipling ilikuwa na kanuni nzuri, iliyoelezwa wazi mwaka 1918 katika ripoti ya Frederic Kenyon: wafu wote sawa, jenerali na kuruta, kila mmoja na jina lake. Ilipofika Afrika kanuni ikalegea. Maofisa wakaona mnara mmoja wa jumla unawatosha wenyeji. Ilibidi tungoje mpaka Novemba 2019, David Lammy alipoonyesha jambo hilo kwenye kipindi cha televisheni, Unremembered, ndipo tume ikaunda kamati. Ripoti ikatoka Aprili 2021. Ilikiri kwamba watu wapatao 45,000 hadi 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Tazama hizo namba zenyewe. Kutoka 116,000 mpaka 350,000! Huo si upana wa makadirio, huo ni ukubwa wa kutojali. Burwash ukikosea jina moja kijaluba hukipati. Kwetu wamekosea watu zaidi ya laki mbili na hakuna anayejua wamekosea wapi.

Basi matembezi ya namna hii yana maana gani kwa msomaji wa Dar, Voi au Bujumbura? Wapo watakaosema tuwaachie wenyewe, tena ni utovu wa adabu kufanya mchezo juu ya wafu. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, ila sikubaliani nalo. Kwanza, kwa kawaida kijaluba hakifichwi kwenye mnara wenyewe. Mnara ni wa kusomwa, kusaka kunaanza ukishaondoka. Pili, heshima isiyo na wasomaji ni vumbi. Sanamu yetu inapitwa na maelfu kila siku, na wengi tunaitumia kumwelekeza dereva wa bodaboda tu: ukifika pale kwenye Askari, kata kushoto. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa Burwash huenda ameuzoea mnara wake mpaka haumwoni tena. Mgeni anayeuliza mbona hapa kuna majina mawili yanayofanana ndiye anayemfanya mwenyeji asimame na kusimulia.

Ila kwetu mtunzi atalazimika kubuni maswali ya namna nyingine, na hapo ndipo fasihi inapoingia. Pasipo na orodha, soma kilichopo. Na kilichopo ni jina la mahali.

Kariakoo. Konda anaita tangu alfajiri, Kariakoo, Kariakoo, na kila anapoita anataja jeshi la wapagazi bila kujua. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 walikusanya wapagazi katika eneo lile, kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, mdomo wa Kiswahili ukakifinyanga, jeshi likaondoka na jina likabaki. Nairobi nao wana Kariokor yao. Lile jiwe la Samora lilitungwa na mshairi maarufu na halikumtaja mtu. Neno la mtaani lilitungwa na watu wasiojulikana, nalo linatajwa mara elfu kwa siku. Mimi nikiulizwa ni ukumbusho upi uliofaulu, sihitaji kufikiri mara mbili.

Lakini nalo lina kasoro yake, tuwe wakweli. Linakumbuka kikosi, halimkumbuki mtu. Kwa hiyo swali zuri la kituo cha Kariakoo lisingekuwa la kuhesabu. Lingekuwa hili: kwenye ukoo wenu, kuna jina linalorithiwa ambalo hakuna anayejua mwenye nalo wa kwanza alifia wapi? Sisi tuna desturi ya kumpa mjukuu jina la babu. Pengine ahadi ile ya jiwe ilitimizwa kwa njia ambayo serikali haikuipanga: bila taa, bila bamba, kwa kumwita mtoto ale. Kuna watu wanatembea leo Morogoro na Machakos wakiwa wamebeba majina ya wapagazi, wao wenyewe hawana habari.

Swali la pili lingekuwa la mwaka. Kwenye mawe ya Ulaya vita vinaisha Novemba 11, 1918. Huku kwetu von Lettow-Vorbeck alikuja kusalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25. Wiki mbili zaidi. Hesabu ya mpagazi aliyekuwa na mzigo kichwani siku hizo inaanzia kwenye tarakimu nyingine kabisa.

Kwa upande wa vitabu, aliyekaribia zaidi kutembea matembezi haya ni Abdulrazak Gurnah katika Afterlives, 2020. Riwaya hiyo inamfuata kijana aliyejiunga na askari wa Wajerumani na mwingine aliyetoweka kabisa, na sehemu yake ya mwisho ni msako: mtu wa kizazi cha pili anaingia kwenye nyaraka za Ujerumani kutafuta jina moja. Sitakwambia anachokikuta. Nitasema tu kwamba umbo lake ni lile lile la jiokeshingi, dalili moja inakupeleka kwenye nyingine, tofauti ikiwa kwamba Gurnah anajua mapema kuwa jiwe la kuanzia halipo. Anaanzia kwenye pengo. Ndicho wanachopaswa kujifunza kwake watunzi wa matembezi.

Na dalili ya kwamba pengo linaweza kuzibwa ipo. Januari 2025 tume ile ilizindua Cape Town ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa jeshi kutoka Afrika Kusini, waliofia Afrika, zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mbao yenye jina na tarehe ya kifo. Miaka zaidi ya 100 imepita. Majina yalipatikana kwa sababu kuna mtu alikwenda kuyatafuta.

Turudi kwenye kijaluba, maana kuna jambo moja limebaki nalo ndilo hukumu yangu. Matembezi ya mnara wa vita yanaanza na majina ya wengine na kuishia na jina lako mwenyewe: unafungua kifuniko, unaandika kwamba ulifika. Wachezaji wengi hutumia majina ya utani. Wanaona raha, na hakuna ubaya. Lakini mtu aliyetoka kusoma majina ya vijana waliokufa kisha akaandika la kwake kwenye karatasi ndogo ya mchezo, anapaswa kusita kidogo na kalamu mkononi. Kuandikwa jina ni fadhila. Kule Burwash wamezoea mpaka wamelifanya sehemu ya burudani, na nawapongeza, wanasoma kuliko sisi. Ila matembezi yatakayonishawishi kwamba hii ni kazi ya fasihi ni yale yatakayomtoa mtu Burwash, na jina la John Kipling likiwa bado kwenye ulimi, yampe swali moja la nyongeza: baba yake aliandika jiwe jingine, huko mbali, taja jina mojawapo lililomo.

Mtembeaji atatafuta mpaka simu imwishie chaji. Asipolipata, hapo ndipo atakuwa amesoma.